Mgeni Kutoka Lorugum

Waliokosa toleo la Jumapili iliyopita nawafupishia. Mimi ni Nekesa, mzaliwa wa Bungoma, mhadhiri wa maadili ya biashara katika chuo kimoja chenye kampasi Lodwar na tawi Kakuma. Jina la chuo silitaji. Niliona wanafunzi wanasinzia nikiwasomea vitabu, nikaamua kuwaletea wageni, watu wa biashara halisi, waje waeleze siku waliyolazimika kuchagua kati ya haki na faida.

Mgeni wa kwanza, mwenye hoteli, alikuja kuinadi hoteli yake. Wa pili, mwanakandarasi, aliwaambia wanafunzi kwamba tenda haipatikani bila kumwona mtu, nao wakampigia makofi. Wa tatu hakutokea. Bwana Opondo, mkuu wa kampasi, akaniita na kuniambia kwamba akija mgeni mwingine wa kututia aibu, kozi inafutwa na mimi naenda nayo.

Nilikomea hapo. Wiki zote hizo nimekuwa nikijieleza kama mtu anayeandamwa na mikosi, na wengine wenu mmeniandikia barua za kunipa pole. Asanteni, lakini pole hizo zilikuwa za bure. Leo nitasema nilichokuwa nakikwepa.

Aliyenitafutia mgeni wa nne ni Didace, kiongozi wa darasa. Ni Mrundi, baba wa watoto wawili, aliyefika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mdogo na bado anaishi huko.

"Mwalimu, nimepata mtu," aliniambia. "Ana kisiagi kule Lorugum. Watu wanatoka hadi Namoruputh na mahindi yao kwa pikipiki, wanapita visiagi vingine viwili, wanaenda kwake."

"Kwa nini wanaenda kwake?"

"Hasagi mahindi mabovu. Ananusa kila gunia. Likinuka, anakurudishia, hata ukilia."

Nilifurahi. Nilimpigia simu huyo mtu mara moja tu, mtandao ukawa unakatika, nikasikia neno moja: "Nitakuja." Sikumwuliza jina. Didace alikuwa akimwita Apa Kisiagi, yaani Baba Kisiagi, nami nikaandika hivyo hivyo kwenye tangazo.

Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Darasa letu ni moja: wiki moja tunakutana Lodwar, wiki inayofuata tunakutana Kakuma, na basi la chuo ndilo linalobeba wanafunzi huku na huku. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Lodwar. Nilikuwa mlangoni nikimsubiri, nikaona mtu mrefu anashuka kwenye pikipiki, anapangusa vumbi usoni kwa kitambaa.

"Ejok," nikamsalimu.

Aliondoa kitambaa. "Ejok, mkaguzi," akasema.

Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniita mkaguzi. Mtu huyo alikuwa Esekon, na mara ya mwisho kumwona alikuwa amesimama kizimbani, mimi nikiwa nimeshika Biblia.

"Bwana Esekon," nikasema kwa sauti ya chini, "tuzungumze kwanza pembeni."

"Wewe uliita mimi kuzungumza na wanafunzi," akasema. "Twende kwa wanafunzi."

Akanipita, akaingia.

Kabla sijawaambia alichosema ndani, niwaambie mimi nilichofanya, maana yeye alikieleza vizuri kuliko nilivyostahili.

Miaka tisa iliyopita sikuwa mwalimu. Nilikuwa mkaguzi wa nafaka katika kampuni moja ya Lodwar. Jina lake mhariri amenikataza kulitaja. Kazi yangu ilikuwa kuchoma gunia kwa bambo, kutoa punje, kuzinusa, kuzipima unyevu, kuandika na kutia sahihi. Mwenye kampuni alikuwa Bi Chelangat, mama wa Kericho aliyekuja Turkana na lori moja na kuishia kuwa na ishirini. Alikuwa ameniahidi kuniajiri kabisa, maana nilikuwa bado wa majaribio.

Malori matatu ya mahindi yalikwama kwenye laga, mto wa msimu, iliyokuwa imejaa maji, yakanyeshewa siku tatu. Yalipofika Lodwar, vibarua waliyaanika mahindi kwenye maturubai, wakayarudisha guniani. Nilichoma bambo. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Kipimo kikasoma kumi na tisa, na mwisho unaoruhusiwa ni kumi na tatu na nusu.

Nilimpelekea Chelangat fomu. Hakuisoma.

"Andika kumi na tatu," akasema.

"Yameshaota kuvu, Madam."

"Nekesa, wewe ni wa majaribio au wa kudumu?"

Niliandika kumi na tatu. Nikatia sahihi. Mahindi yakaenda Kakuma, kwenye ghala la kampuni, na kutoka hapo yakaenda katika shule moja ya msingi kuwa chakula cha mchana cha watoto.

Watoto kumi na wanane walilazwa. Wawili walizikwa.

Wachunguzi walipokuja, mimi na Chelangat tulisema kitu kimoja: mahindi yalitoka Lodwar yakiwa makavu, cheti hiki hapa, kama yaliharibika basi yaliharibikia ghalani kwa uzembe wa karani wa ghala. Karani wa ghala alikuwa Esekon. Alifungwa miaka miwili. Mimi niliajiriwa, nikafanya kazi mwaka mmoja, nikaacha, nikaenda kusoma. Mnaweza kucheka nikiwaambia nilichosomea.

Sasa turudi darasani.

Esekon hakupanda jukwaani. Alisimama kati ya madawati, mikono nyuma. Kiswahili chake ni kile cha kwetu huku, kisichojali ngeli, lakini hakuna aliyesinzia.

"Didace aliambia nyinyi mimi ni mtu mzuri," alianza. "Mimi si mtu mzuri. Mimi nilifungwa."

Wanafunzi wakatazamana.

"Nilikuwa karani ya stoo Kakuma. Mahindi ilikuja na lori tatu. Mimi nilifungua gunia moja, nikanusa. Nikajua. Nikapigia ofisi ya Lodwar simu, nikasema hii mahindi imeoza. Wakaniuliza, karatasi inasema aje? Nikasema karatasi inasema kumi na tatu. Wakasema basi wewe soma karatasi, wacha kunusa."

Alitoa mkono wa kulia mgongoni, akautazama.

"Nikatoa hiyo mahindi. Hiyo ndiyo kosa yangu, na sitaki mtu anitoe kwa hiyo kosa. Pua yangu ilijua. Mkono yangu ikatoa."

Erupe, mwanafunzi wa Lokitaung asiyependa kunyamaza, akainua mkono. "Apa, lakini aliyeandika hiyo karatasi alijua?"

"Alijua."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Alikuja kotini. Alishika Biblia, akasema mahindi ilikuwa kavu kama mchanga."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasahau, yeye ameyahifadhi.

"Huyo mama ni mnyama," Erupe akasema. "Samahani, Madam, lakini ni mnyama."

"Endelea kuuliza kwa heshima," nikamwambia. Nilijifanya naandika ubaoni, nikaandika neno *uwajibikaji*, na herufi zikaenda mshazari.

Ndipo Céline akasimama.

Céline mnamjua, nilimtaja wiki ya pili. Ni Mkongomani, ana miaka ishirini, mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha. Alikuwa akija ofisini kwangu saa za mchana, tunakula githeri pamoja, ananiita Mama Mwalimu. Sina mtoto. Sikumwambia kwamba jina hilo lilikuwa linanifurahisha kiasi gani.

"Hiyo shule ilikuwa na mabati ya buluu?" alimwuliza Esekon.

"Ndiyo."

"Mimi nilisoma pale. Nilikula ile ugali, nikatapika siku nne." Alikuwa anasema polepole, akichagua kila neno. "Mdogo wangu alikuwa anaitwa Lionel. Alikuwa na miaka saba. Yeye hakupona."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa maji, tukamsikia mpaka akapotea.

"Mimi najua jina ya Lionel," Esekon akamwambia. "Na ile ingine, Atiir. Nimefungwa miaka miwili na hiyo majina mbili."

"Huyo mwanamke anaitwa nani?" Céline akauliza.

Nilishika ukingo wa meza. Esekon hakunitazama. Alitazama dirisha.

"Jina lake atasema mwenyewe," akajibu.

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Mimi nataka kumwona," Céline akasema, akaketi. "Sitampiga. Nataka nimwangalie tu usoni mpaka yeye achoke."

Nililifunga somo kabla ya wakati. Wanafunzi walimpigia Esekon makofi yasiyo na furaha. Nilimfuata nje hadi kwenye tangi la maji alipokuwa ameegesha pikipiki.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamwuliza.

"Nikitaja wewe, utakataa. Wewe ni mwalimu, mimi ni mfungwa. Wataamini nani?"

"Kumbe ulijua ni mimi tangu Didace alipokuja kwako."

Alicheka bila kufungua mdomo. "Didace hakukuja kwangu. Mimi nilitafuta Didace. Niliona jina yako kwa tangazo ya chuo, mwaka jana. Nikasoma mara tatu. Maadili ya biashara."

"Unataka nini, Esekon?"

"Wiki ijayo mnakutana Kakuma. Mgeni ni nani?"

"Sijapata."

"Umepata. Mgeni ni wewe. Utasimama mbele ya hao watoto, utasema ile nimesema mimi, lakini wewe utaweka jina."

"Na nikikataa?"

Alivaa kofia yake ya pikipiki taratibu, akafunga kamba chini ya kidevu. "Mke yangu Nakiru alirudi kwao Namoruputh na watoto nikiwa ndani. Hajarudi. Kijiji yangu ilitemea mate mlango yangu. Mimi nimeshazoea kuishi nikichukiwa. Wewe ukikataa, mimi nitarudi kwa kisiagi. Wewe, vile Didace aliambia mimi, utakula githeri na huyo msichana."

Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye aibu yangu ya pili, na hii haina Chelangat wa kunisukuma. Mtu mwenye moyo angelienda nyumbani akalia. Mimi sikulia. Nilimchukia Esekon. Nilimchukia kwa sababu alikuwa mtulivu, kwa sababu alikuwa amekubali sehemu yake na kuniachia yangu. Afadhali angenitukana.

Siku ile ile nilikwenda kwa Chelangat.

Ofisi yake siku hizi iko juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Ameacha nafaka. Yumo kwenye bodi ya chuo chetu, na ndiye anayewalipia karo wanafunzi kumi na tano wa kambini. Picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa Kakuma, amemshika mwanafunzi bega. Mwanafunzi huyo ni Céline.

Hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi. Tukikutana kwenye mikutano ya chuo, tunasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

"Esekon ametokea," nikamwambia kabla hajaniambia niketi.

Aliweka kalamu chini. "Ametokea wapi?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amekunja uso kama anayesikiliza kelele za jirani.

"Amekutaja?"

"Bado."

"Mimi je?"

"Alisema ofisi ya Lodwar. Hakutaja jina."

"Anaishi wapi siku hizi?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni moja tu. "Lorugum," nikasema. "Ana kisiagi karibu na soko."

Akaliandika.

"Nenda ukafundishe, Nekesa," akasema. "Mambo ya wanaume wenye midomo niachie mimi. Na usije hapa tena bila kupiga simu."

Niliteremka ngazi nikijiambia kwamba nimeenda kuomba ushauri. Nilijiambia hivyo siku tano. Jumatano asubuhi simu ikalia, ilikuwa Didace.

"Mwalimu, wamemkamata Apa Kisiagi."

"Nani kamkamata?"

"Askari. Mtu alipiga simu, akasema anasaga mahindi yenye sumu. Walipoenda wakakuta magunia sita nyuma ya kisiagi, yote yameoza. Yeye anasema si yake, hata magunia yenyewe ni ya aina ambayo hanunui. Lakini aliwahi kufungwa kwa kosa hilo hilo, Mwalimu. Nani atamsikiliza?"

Nilikaa chini sakafuni, jikoni kwangu, simu ikiwa bado sikioni.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Ni nani mwenye roho mbaya hivi?"

Ningemjibu nini? Kwamba roho hiyo ina watu wawili, mmoja ameandika na mwingine amemtajia cha kuandika?

Alhamisi tulipanda basi kwenda Kakuma. Wanafunzi walikuwa wakali. Habari ilikuwa imewafikia, na walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja walisema Esekon ni tapeli aliyewadanganya mchana kweupe kwamba ananusa kila gunia. Upande wa pili walisema amewekewa hayo magunia. Erupe na Didace walibishana kuanzia Lodwar mpaka Kakuma, nusura wakunjane mashati.

Céline alikaa kando yangu. Hakubishana na mtu.

"Mama Mwalimu," akaniambia tulipokaribia mji, "wewe unajua mambo ya nafaka?"

"Kwa nini unauliza?"

"Siku ile Apa alisema kumi na tatu. Hakusema kumi na tatu ya nini. Wewe ukaandika ubaoni chini ya jina lake: unyevu, asilimia kumi na tatu."

Nilitazama nje. Sikukumbuka kuandika hivyo. Mkono wangu ulikuwa umeandika wenyewe wakati natafuta cha kufanya.

"Nilisoma mahali," nikamwambia.

"Sawa," akasema.

Tulipofika, Bwana Opondo alikuwa anatusubiri mlangoni akiwa amevaa suti, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara katika joto la Kakuma. Akanivuta pembeni.

"Nimekuokoa," akasema. "Baada ya aibu ya huyo mfungwa wako nimekutafutia mgeni mwenyewe. Mgeni wa leo ni Madam Chelangat. Atazungumzia uaminifu katika biashara. Wewe utamkaribisha kwa maneno mazuri, dakika tano, halafu utaketi. Tumeelewana?"

"Bwana Opondo, mgeni wa leo alikuwa..."

"Alikuwa nani? Tangazo lako halina jina."

Ni kweli. Nilikuwa nimeacha nafasi ya jina wazi wiki nzima.

Chelangat alikuwa ofisini ameketi kwenye kiti cha mkuu, anakunywa chai. Opondo akatuacha. Chelangat alitelezesha karatasi juu ya meza.

"Polisi wanahitaji mtu mwenye cheti cha kukagua nafaka," akasema. "Wewe bado unacho. Weka sahihi hapo chini."

Nikaisoma. Ilikuwa ripoti ya mtaalamu. Ilisema mimi, Nekesa, nimeyakagua magunia sita yaliyopatikana Lorugum na nimethibitisha kwamba yalikuwa yakisagwa na kuuziwa watu.

"Sijayaona hayo magunia," nikasema.

"Picha zipo."

"Yametoka wapi, Madam?"

"Kalamu iko hapo."

"Nimeuliza yametoka wapi."

Aliweka kikombe chini. "Nekesa, hebu tusifanyane watoto. Sahihi iliyomfunga mara ya kwanza ni ya nani? Yangu ipo mahali popote? Tafuta. Mimi sikutia sahihi kitu. Fomu yako ya kwanza, ile uliyoandika kumi na tisa kabla hujaandika nyingine, ninayo nyumbani kwangu, na mwandiko ni wako. Ukianguka utaanguka peke yako."

Hilo sikulijua. Kwa miaka tisa niliamini alikuwa ameichana.

"Na kitu kingine," akaendelea. "Hawa watoto kumi na tano. Mimi nikiamka kesho nikisema nimechoka na hiki chuo, wanarudi kambini. Huyo Céline wako kwanza. Utaenda kumweleza wewe kwa nini."

"Unajua mdogo wake ni nani?"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana namlipia."

Sikutarajia jibu hilo. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mwanamke aliyechoka. Kisha akanyanyua kikombe tena.

"Sahihi, Nekesa. Halafu twende ukanikaribishe."

Opondo akafungua mlango. Watu wameketi, akasema, joto linapanda, tuanze. Nilichukua karatasi na kalamu. "Nitaweka nikimaliza," nikamwambia Chelangat, naye akaridhika, kwa sababu hajawahi kuniona nikimaliza jambo kinyume chake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbali na darasa langu walikuja wafanyabiashara wa sokoni na wazazi wawili watatu, maana Opondo alikuwa ametangaza kwamba mfadhili atakuwepo. Chelangat na Opondo wakaketi mstari wa mbele. Didace hakunitazama. Erupe alikuwa amekunja mikono kifuani. Céline alikuwa na daftari wazi na kalamu mkononi, kama kawaida yake, tayari kuandika kila nitakachosema.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika ile ripoti, bado haina sahihi.

"Habari zenu," nikasema. "Bwana Opondo ameniomba nimkaribishe mgeni wa leo kwa dakika tano."

Chelangat alikaa sawa, akatabasamu.

"Lakini mgeni wa leo alipangwa wiki iliyopita. Aliyempanga yuko kwenye seli ya polisi, kwa hiyo nitafanya alivyoniagiza. Mgeni wa leo ni mimi. Bwana Esekon aliwaambia kuna mwanamke aliyeandika kumi na tatu na kuapa kotini. Aliwaambia jina lake atalisema mwenyewe. Anaitwa Nekesa. Ni mimi."

Kuna kelele niliyokuwa nimeitegemea. Haikuja.

"Kipimo kilisoma kumi na tisa," nikasema. "Niliyanusa. Nikaandika kumi na tatu ili niajiriwe. Na magunia yaliyokutwa Lorugum, mimi ndiye niliyemwambia mtu mahali kisiagi kilipo. Hii hapa ni karatasi niliyopewa nusu saa iliyopita, inayosema nimeyakagua. Sijayaona." Nikamnyooshea Chelangat karatasi hiyo, watu wote wakaona.

"Zima hiyo maikrofoni," Opondo akasema. Hakukuwa na maikrofoni.

"Mama huyu ni mgonjwa," Chelangat akawaambia watu walio nyuma yake, kwa sauti ya upole. "Amekuwa na shida nyumbani." Akachukua mkoba wake, akasimama, akaelekea mlangoni bila haraka. Opondo akainuka kumfuata.

Céline alikuwa ameshafunga daftari. Sikumwona akiinuka. Nilimwona tu akiwa mlangoni, mbele yao, na moyo wangu ukasema anaondoka, mwache aondoke, ana haki.

Hakuondoka. Aliusukuma mlango ukafungika, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akauweka katika mfuko wa sketi yake.

"Fungua mlango, binti yangu," Chelangat akamwambia.

"Mimi si binti yako," Céline akasema. "Rudi kwa kiti yako, Madam. Somo halijaisha."

Kisha akageuka, akanitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu niseme jina langu. Nilikuwa nimeanza kutafuta kiti kwa mkono.

"Na wewe," akasema, "usikae."